Kiazi, Yai na Nusu Kijiko cha Chumvi: Jinsi ya Kuona Vitu Vikivuka Utando wa Seli

Anza na kachumbari. Kata nyanya mbili, kitunguu na tango, tia chumvi, funika bakuli, kisha ongea na jirani dakika kumi hivi. Ukifunua utakuta maji chini ya bakuli, na wewe hukutia maji. Kila aliyewahi kupika ameyaona maji hayo. Karibu kila mwanafunzi anayeingia darasani kwangu ameshayamwaga mara mia bila kujiuliza yametoka wapi.

Mimi nafundisha baiolojia hapa Busia, upande wa Uganda. Mtihani unaandikwa kwa Kiingereza, lakini nikitaka jambo liingie nalisema kwa Kiswahili, maana mbele yangu wamekaa Wasamia, Wateso, Wagisu, Waganda na watoto wanaovuka mpaka kila asubuhi, na lugha inayowakutanisha wote sokoni ndiyo hiyo. Kwa miaka tisa niliwaandikia ubaoni maana ya osmosisi, wakainakili, wakaikariri, wakapata alama. Hakuna hata mmoja aliyeweza kuniambia kwa nini tunatia sukari katika maji ya mtoto anayehara. Siku hizi nafundisha kinyume: kwanza macho yaone, mikono ishike, ndipo neno lije.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mwalimu mwenzangu au mwanafunzi asiye na maabara. Hadubini haihitajiki. Tafuta viazi ulaya (hapa sokoni utasikia wakiviita ayirishi), mayai mawili mabichi, siki nyeupe, chumvi laini ya mezani, sukari, unga wa muhogo, kikavera (kimfuko cha plastiki) kidogo chembamba kisichotoboka, na kichupa cha ayodini kutoka duka la dawa. Rula ya mtoto na kijiko cha chai unavyo tayari.

Kiazi

Chagua kiazi kimoja kikubwa, kigumu, ambacho hakijaanza kuota. Nasema kimoja kwa makusudi: ukichanganya vipande vya viazi viwili hutajua kama tofauti unayoiona imeletwa na chumvi au na kiazi chenyewe. Menya ganda lote. Ganda la kiazi lina tabaka kama la kizibo, halipitishi maji kirahisi, na kipande chenye ganda upande mmoja kitakudanganya. Kata vipande vitatu vya urefu wa sentimita 5, unene wa kidole kidogo, vilingane kadiri mkono wako unavyoweza. Vipime kwa rula na uandike.

Chukua glasi tatu zilizo sawa, kila moja utie maji robo lita au pungufu kidogo. Ya kwanza iache maji matupu. Ya pili tia nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ya tatu tia vijiko viwili. Koroga mpaka chumvi iyeyuke yote, ndipo utumbukize vipande, kimoja kimoja. Andika alama kwenye glasi! Maji ya chumvi na maji matupu yanafanana kabisa kwa macho, nami nimeona darasa zima likibishana nusu saa kwa sababu mtu alisogeza glasi.

Ngoja saa mbili. Toa kipande cha maji matupu, kikaushe kwa kitambaa bila kukikamua, kisha kishike kwenye ncha kwa vidole viwili. Kinasimama wima kama msumari. Kipime: mara nyingi kimerefuka milimita moja au mbili. Cha glasi ya pili kinainama. Cha glasi ya tatu kimelegea kabisa, unaweza karibu kukizungusha kidoleni kama pete. Watoto hukishika hicho cha tatu kwa muda mrefu kuliko kitu kingine chochote ninachowapa mwaka mzima. Acha wakishike. Hapo ndipo wanapoanza kuuliza wenyewe, na swali la mtoto mwenyewe hukaa kichwani kuliko jibu langu.

Kilichotokea ni hiki. Kiazi kimejengwa kwa seli, na kila seli imezungushiwa utando mwembamba mno, unene wake kama nanomita 7 au 8. Panga tando 10,000 moja juu ya nyingine, ndipo utapata unene wa unywele mmoja. Utando huo hupitisha maji kwa wepesi, lakini chumvi na sukari haziupiti hivyo hivyo. Ndani ya seli mna maji yenye sukari na madini yaliyoyeyuka. Nje mna maji ya glasi. Maji hayatulii, molekuli zake hugongana na kurukaruka wakati wote, nyingine zikiingia, nyingine zikitoka. Upande wenye chumvi nyingi, maji yenyewe ni machache zaidi kwa kipimo hicho hicho cha ujazo, hivyo molekuli chache zaidi huvuka kutoka upande huo kwa kila nukta. Zinazotoka kwenye seli zinazidi zinazoingia, na seli inanywea. Kuvuka huko kwa maji ndiko kunakoitwa osmosisi.

Wanafunzi husema "chumvi inavuta maji". Mimi mwenyewe hulitamka neno hilo nikiwa na haraka, na kwa kupika halina madhara. Lakini mfundishe mtoto kwamba hakuna mkono unaovuta. Ni hesabu tu ya wanaotoka na wanaoingia, na mwendo haukomi hata pande zote mbili zikilingana. Kinachokoma ni upande mmoja kuzidi mwingine. Ukitaka kuona mlingano huo, rudia jaribio kwa maji ya sukari ya mikolezo tofauti. Mahali fulani kati ya gramu 70 na 130 za sukari kwa lita moja utapata maji ambayo kipande chako hakirefuki wala hakifupiki. Hapo umepima, bila mashine yoyote, ukolevu wa maji yaliyomo ndani ya kiazi chako.

Kile kipande cha nusu kijiko usikitupe. Kirudishe kwenye maji matupu, ukilaze hapo usiku kucha. Asubuhi kivunje karibu na sikio, kinakatika kwa mlio. Cha vijiko viwili, kikikaa ndani ya chumvi yake mpaka asubuhi, hakirudi tena: seli zimekufa, na seli iliyokufa haina utando wa kuchagua kitu.

Hilo la kufa lithibitishe kwa vikombe vya viazi. Kata viazi viwili nusu nusu, menya, chonga shimo juu na sawazisha chini visimame. Kimoja kitie kijiko cha sukari shimoni kikiwa kibichi. Cha pili kichemshe kwanza dakika kumi, kipoe, ndipo ukitie sukari. Cha tatu kibichi, shimo tupu. Visimamishe vyote kwenye sahani yenye maji kidogo, ulale. Kesho yake shimo la kwanza litakuwa limejaa maji ya sukari. Shimo tupu litakuwa kavu au karibu na kukauka. Katika kile kilichochemshwa maji hayakupanda kama katika cha kwanza, kwa sababu moto uliharibu tando. Watu huacha hivi viwili vya mwisho ili kuokoa viazi. Usiviache. Bila hivyo, kikombe cha kwanza ni mwujiza, si ushahidi.

Mpaka wenyewe

Nikifika hapa huwatoa wanafunzi nje kwa maneno, maana utando wetu uko hatua chache kutoka getini.

Utando wa seli umejengwa kwa mafuta, tabaka mbili zilizogeuziana migongo, na katikati ya mafuta hayo zimepachikwa protini zinazoelea. Picha hiyo iliandikwa na Singer na Nicolson mwaka 1972 na mpaka leo ndiyo tunayofundisha. Sasa fikiria mpaka wetu. Sukari ikiwa bei ya chini upande mmoja na ghali upande wa pili, itavuka. Hakuna waziri aliyeiamuru. Inatoka iliko nyingi kwenda iliko haba mpaka bei zikaribiane. Huo ndio msambao, msingi wa mambo yote haya.

Wapo wanaovuka kwa njia za panya, moja kwa moja kwenye majani: oksijeni, kaboni dioksidi, pombe, vitu vidogo au vinavyopatana na mafuta. Hawahitaji geti. Ndiyo sababu oksijeni uliyoivuta sasa hivi imeshaingia damuni, na ndiyo sababu pombe humfikia mtu kichwani haraka.

Wapo wanaohitaji geti. Ioni ya sodiamu ni ndogo sana, lakini ina chaji ya umeme, na mafuta hayaipokei. Hupita kwenye mfereji wa protini unaofunguka na kufungika. Maji nayo yana mifereji yake, iitwayo akwaporini. Watu walibishana miaka mingi kama ipo, mpaka Peter Agre wa Marekani alipoionyesha mwaka 1992. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2003. Mfereji mmoja hupitisha molekuli za maji zipatazo bilioni tatu kwa nukta moja.

Na wapo wanaohitaji bodaboda. Hapa mwanafunzi wa Busia ana bahati kuliko wa mji mwingine wowote, kwa sababu kazi hiyo ilianzia kwenye mpaka wetu huu: vijana wa baiskeli waliwabeba watu kati ya kituo cha forodha cha Uganda na kile cha Kenya wakiita "boda, boda!" Glukosi, ile sukari ya damuni, ni kubwa mno kupenya kwenye mafuta. Kuna protini inayoipakia upande mmoja, ikajigeuza umbo, ikaishusha upande wa pili. Abiria mmoja kwa safari. Na kama ilivyo kwa bodaboda, zikijaa zote hata abiria waongezeke vipi mwendo hauzidi. Mtu mwenye kisukari anapitisha sukari kwenye mkojo kwa sababu hiyo: mabodaboda ya figo yamejaa, sukari nyingine inabaki barabarani.

Mpaka hapo wote wameteremka mteremko, kutoka kwenye wingi kwenda kwenye uhaba, bila malipo. Lakini seli pia hupandisha mlima, na kupanda mlima kuna gharama. Ipo pampu inayotoa sodiamu 3 nje ya seli na kuingiza potasiamu 2, mchana na usiku, ikilipa kwa ATP moja, yaani sarafu ya nguvu ya seli, kila mzunguko. Jens Skou wa Denmaki aliieleza mwaka 1957, akapewa Nobel mwaka 1997. Ishike pampu hii akilini, tutaihitaji kwenye maji ya mtoto. Vitu vikubwa kama bakteria seli nyeupe huvimeza vizima, lakini hilo ni somo la siku nyingine.

Mfano wa mpaka una mwisho wake, na mwalimu aseme mwisho huo waziwazi. Mfanyabiashara ana akili na tamaa. Molekuli haina. Inagonga tu, huku na huku, na kwa wingi wao mwendo unaonekana kama nia.

Kavera na unga wa muhogo

Hili ni fupi na halishindwi. Koroga kijiko cha unga wa muhogo kwenye maji moto kidogo upate uji mwepesi, upoe, uutie ndani ya kavera, funga kwa uzi na suuza nje vizuri. Litumbukize ndani ya glasi ya maji uliyotia matone kumi au kumi na mawili ya ayodini, maji yawe rangi ya chai ya rangi. Baada ya nusu saa mpaka saa moja uji ndani ya kavera umegeuka buluu nyeusi, na maji ya nje bado ni kahawia. Ayodini ni ndogo, imepenya. Wanga ni mnyororo mrefu wa glukosi, haukutoka. Ndiyo maana lazima muhogo, posho na matooke vimeng'enywe kwanza tumboni: ukuta wa utumbo unapokea glukosi, haupokei wanga. Kama maji ya nje nayo yamekuwa meusi, kavera lako limetoboka. Kumbuka pia kwamba kavera huchuja kwa ukubwa tu. Halina geti wala pampu.

Yai

Weka mayai mawili mabichi kwenye bakuli, mwagia siki mpaka yazame. Vipovu vitaanza mara moja: asidi ya siki inayeyusha chokaa ya ganda na kutoa kaboni dioksidi. Baada ya siku moja mwaga siki hiyo, tia mpya. Siku ya pili yasugue polepole kwa kidole ndani ya beseni la maji, povu jeupe la ganda litatoka lote, na utabaki na yai linaloonyesha kiini ndani, laini kama puto. Vua pete. Kucha ndefu zimenipasulia mayai mengi.

Ngozi unayoiona si utando wa seli, ni ngozi ya nyuzi za protini iliyokuwa chini ya ganda. Mwambie mtoto hivyo. Lakini kwa maji inatenda kazi inayofanana: inayapitisha, na inazuia protini kubwa za ute. Zungusha uzi kiunoni mwa kila yai, kata, pima urefu. Sasa yai moja litie kwenye maji matupu, jingine kwenye sukari nzito, vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji moto yaliyopoa. Yakae mpaka kesho.

La maji limevimba, limekaza. La sukari limesinyaa na kubonyea, kama mpira uliotolewa upepo, na ile sukari nzito imekuwa nyepesi juu yake kwa sababu maji ya yai yametoka na kuingia ndani yake. Tazama vizuri hilo la sukari. Nikwambie ukweli, katika majaribio yote haya, yai hilo ndilo lililonifanya niandike mwongozo huu. Mayai hayo hayaliwi tena, na kila aliyeyagusa anawe mikono kwa sabuni.

Maji ya mtoto anayehara

Mama yangu anaishi kijijini, upande wa Majanji, karibu na ziwa. Mwaka mmoja alikuwa akimlea mtoto wa kaka yangu, wa mwaka mmoja na miezi michache. Mtoto akaharisha usiku kucha. Mama alijua kuna maji ya chumvi ya kumpa, akachemsha maji, akapooza, akatia chumvi, akampa. Sukari hakuitia. Nilipofika asubuhi macho ya mtoto yalikuwa yamezama. Nilimfinya ngozi ya tumbo ikabaki imesimama, haikurudi upesi. Tulimpakia kwenye pikipiki mpaka kituo cha afya, wakampa ORS, yale maji ya chumvi na sukari ya pakiti, kijiko baada ya kijiko, na kufika jioni alilia akitoa machozi. Sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile.

Njiani kurudi mama aliniuliza, "Mwanangu, si wanasema sukari ndiyo inachochea tumbo?"

Sikumjibu upesi. Miaka tisa ya kufundisha osmosisi, na mama yangu mzazi alikuwa hajalisikia jambo hili kutoka kinywani mwangu. Na alichosema hakikuwa upuuzi. Sukari ikizidi huchochea kweli. Soda ya mililita 300 huwa na sukari kama gramu 30. Ukimpa mtoto anayehara soda, utumbo wake unajaa kitu kizito kuliko damu, na maji yanatoka mwilini kuingia utumboni. Ni lile yai kwenye sukari nzito.

Lakini sukari ikikosekana kabisa, geti halifunguki. Kwenye ukuta wa utumbo mdogo ipo protini inayobeba sodiamu 2 na glukosi 1 kwa pamoja. Sodiamu peke yake haibebwi na protini hiyo, na glukosi peke yake hubaki chini. Zikikutana zote, zinapakiwa na kuvushwa, na maji yanafuata. Nguvu ya kazi hiyo inatoka kwenye ile pampu ya Skou, ambayo kwa upande wa pili wa seli inaendelea kuondoa sodiamu ili mteremko usijae. Jambo hili alilieleza Robert Crane huko Prague mwaka 1960. Sumu ya kipindupindu hulazimisha mifereji ya kloraidi, mwenzake sodiamu katika chumvi, ibaki wazi, kloraidi inamwagika utumboni, sodiamu na maji vinaifuata, na mtu anakauka kwa saa chache. Lakini sumu hiyo haigusi lile geti la glukosi na sodiamu. Linabaki linafanya kazi katikati ya maafa yote. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladeshi, daktari Dilip Mahalanabis aliitumia njia hiyo katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, baada ya dripu kumwishia. Wakachanganya chumvi, glukosi na soda ya kuokea, wakawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vikashuka kutoka kiasi cha 30 kwa kila mia mpaka chini ya 4.

Pakiti ya ORS ndiyo bora kuliko chochote utakachochanganya mwenyewe, kwa sababu ina potasiamu na sitreti pia. Mkolezo unaopendekezwa na Shirika la Afya Duniani una gramu 13.5 za glukosi na gramu 2.6 za chumvi kwa lita. Weka pakiti mbili ndani ya nyumba daima. Soma nyuma ya pakiti inahitaji maji kiasi gani, na mimina yote kwa mara moja, usiigawe.

Kama pakiti hakuna na mtoto anahara usiku, fanya hivi. Nawa mikono kwa sabuni. Pima lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa mbili za nusu lita zinatosha kuwa kipimo. Tia vijiko 6 vya chai vya sukari, kila kimoja kimesawazishwa kwa mgongo wa kisu, si kilima. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi laini, nayo imesawazishwa. Chumvi ya mawe ya Katwe ni nzuri kwa mengine, lakini punje zake hazijazi kijiko sawasawa na chumvi ya mezani, usiitumie hapa. Koroga mpaka yote yayeyuke, kisha onja. Ladha isizidi chumvi ya machozi. Ikizidi, mwaga, anza upya.

Vijiko sita ni kama gramu 25. Usishangae ni nyingi kuliko zile gramu 13.5 za pakiti: sukari ya dukani ni glukosi na fruktosi zilizoshikana, zinaachana utumboni, na ni ile nusu iliyo glukosi tu inayopita geti lile.

Sasa rudi kwenye kiazi. Nusu kijiko ndani ya glasi moja kilimlegeza kiazi kwa saa mbili. Nusu kijiko hicho hicho ndani ya lita nzima ndicho kinachomwokoa mtoto. Mama akisema "lita ni nyingi, hatazimaliza", akachanganya chumvi ile ile ndani ya kikombe, amemfanyia mtoto tulichokifanyia kiazi. Punguza kwa uwiano au changanya lita yote na umwage itakayobaki. Maji ndiyo ya kupimwa kwanza.

Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 mpaka 100 kila baada ya kuhara, wa zaidi ya hapo 100 mpaka 200, kwa kikombe na kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi, anza tena polepole zaidi. Anyonye kama kawaida, ale kama anaweza. Omba vidonge vya zinki kwenye kituo cha afya: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi sita, kwa siku 10 mpaka 14. Mtoto akishindwa kunywa, akilegea, macho yakizama, akitoa damu, au choo kikiwa kama maji ya mchele na hakikomi, usiendelee kuchanganya nyumbani. Mbebe, ukimnywesha njiani.

Likizo iliyopita nilibeba kiazi, yai lililovuliwa ganda na glasi zangu mpaka Majanji. Mama aliligeuza lile yai lililosinyaa mkononi mara tatu bila kusema. Kisha akaenda jikoni, akarudi na chupa mbili za nusu lita, sukari, chumvi na kisu. Alisawazisha kila kijiko juu ya sahani, akihesabu kwa sauti wajukuu wasikie, akakoroga, akanipa kijiko nionje.

"Machozi?" akauliza.

"Machozi, mama."

Akafunika chupa, akaandika saa kwenye kipande cha karatasi na kukibandika juu yake, kwa sababu baada ya saa 24 yanamwagwa.